Umeme wa Kupimwa: Akiba au Choyo?

Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi, wakaondoka Lamu, Mombasa au Unguja kwa upepo wa kusi kwenda Hadhramaut na Ghuba, walilijua jambo moja ambalo sisi tuliozaliwa na mifereji ndani ya nyumba hatulijui. Bahari nzima imewazunguka, lakini maji ya kunywa ni yale tu yaliyomo katika tangi la chombo. Nahodha alijua yamebaki kiasi gani, na kila mtu akapewa kipimo chake. Aliyeyamwaga maji matamu bila ya haja hakuwa na wa kumwonea huruma, kwa kuwa alichokimwaga kilikuwa ni cha kinywa cha mwenziwe.

Majahazi ya safari zile yamebaki machache, lakini hali ile haijaondoka duniani. Iko katika gari la msafiri anayelala porini miezi na miezi, iko katika kisiwa kisichofikiwa na waya, na iko katika boma la mfugaji huko bara, ambako umeme wote wa nyumba umekaa ndani ya betri moja. Leo nataka tukae kidogo mbele ya betri hiyo, kwani ndani yake mna swali lililo kubwa kuliko yenyewe. Mtu mwenye kidogo, akikibana kwa hesabu, je, anafanya wema au anajizoeza choyo? Na akikigawa kwa kila aombaye, je, huyo ni karimu, au ni mtu asiyejua thamani ya alichonacho?

Maneno ya jumla hayatatufikisha mbali. Basi tuchukue mahali panapojulikana.

Arash ni kata katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, upande wa mashariki ya hifadhi ya Serengeti. Jina la Loliondo wengi wetu wa pwani tulilisikia mwaka 2011, pale watu walipomiminika kwa maelfu kwenda kijiji cha Samunge kutafuta kikombe cha dawa, magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi na watu wakalala ndani yake. Arash imo katika wilaya hiyo hiyo. Wenyeji wake wengi ni Wamasai, watu wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na maboma yao yametawanyika kwa kuufuata mwendo wa malisho. Nguzo ya umeme haiwezi kumfuata mfugaji kila aendako. Hata mji wenyewe wa Loliondo, kwa miaka mingi ulipata umeme wake kwa mitambo ya dizeli iliyosimama peke yake, mbali na gridi ya taifa. Kwa mtu aliye mbali na nguzo, mtambo wake ni jua.

Sasa tuseme, msomaji, kwamba mwanao amemaliza chuo cha ualimu, naye amepangiwa kazi katika pande hizo. Kijana wa Tanga au wa Kilwa, hajapata kulala mahali pasipokuwa na swichi ukutani. Kwa mishahara yake ya mwanzo amenunua paneli ya wati 100, betri ya risasi na asidi ya volti 12 yenye ampea-saa 100, kidhibiti cha chaji, na inveta ya kuugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa nyumbani. Amekupigia simu kwa furaha: "Mama, nina umeme!"

Je, ana umeme kiasi gani? Hapa ndipo yafaa tuchukue kalamu, kwa sababu wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Betri yake, ukizidisha volti 12 kwa ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200. Kijana akifurahia hesabu hiyo amekosea. Betri ya namna hii ikimalizwa mara kwa mara, chumvi ya risasi hugandama na kuwa ngumu juu ya mabamba yake, na kila mara uwezo wake hupungua usirudi tena. Kwa hiyo mtu mwenye busara hutumia nusu tu, wati-saa 600, na nusu ya pili huiacha palepale kama mtaji wa duka.

Na hizo 600 pia si za kila siku. Hiyo ni akiba. Pato lake ni lile linaloletwa na jua. Paneli ya wati 100, katika siku njema yenye mfano wa saa tano za jua kali, hutoa wati-saa 500. Ukitoa kinachopotea kwa joto, vumbi, waya na betri yenyewe, tuseme zinamfikia 350. Hilo ndilo pato lake la siku. Anayekula akiba yake akidhani ni pato hafilisiki siku ya kwanza. Hufilisika siku ya mawingu.

Tazama sasa matumizi yake. Taa tatu za wati 5, kila moja kwa saa nne: 60. Redio ya wati 5 kwa saa sita: 30. Simu mbili, kila moja wati-saa 15: 30. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa nne: 120. Jumla ni 240. Pato ni 350. Kijana ameishi vizuri, na amebakiza 110.

Lakini kumbe inveta ameiacha ikiwaka usiku na mchana, kwa kuwa hapendi kuinuka kuizima. Nayo, hata kama haikuchomekwa kitu, hunywa umeme wake yenyewe. Tuseme wati 10. Kwa saa 24 ni wati-saa 240, sawasawa na taa zote, redio, simu na televisheni vikijumlishwa pamoja! Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Huyu buyu lake halichovywi na mtu. Linavuja tu, na hakuna hata mmoja anayeramba. Badala ya kubakiza 110, kila siku anakula 130 katika akiba.

Na tusisahau pasi. Mtoto wa pwani Ijumaa hataki kanzu yenye makunyanzi. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa huchukua wati-saa 500, yaani zaidi ya pato la siku nzima, na betri hubanwa itoe kwa mkupuo ampea zaidi ya 80. Afadhali aitafute pasi ya mkaa aliyoiacha bibi yake. Kanzu itanyooka vilevile.

Ndugu msomaji, huenda ukaniuliza: Hizi ni hesabu za fundi, maadili yako wapi? Subiri mawingu yaje.

Masika imeingia, jua halionekani siku tatu, na pato limeshuka hadi robo, wati-saa 87 au 88. Nyumba inayotumia 240 itachota kiasi cha 150 kila siku katika akiba. Siku tatu ni kama 460, na katika zile 600 bado pana kitu. Nyumba inayotumia 480, hata kama iliyaanza mawingu na betri iliyojaa, itachota karibu 400 kila siku, na siku ya pili kabla ya usiku wa manane imekwisha. Betri ni ile ile na mawingu ni yale yale. Waliotofautiana ni watu wawili, na tofauti yao imetoka katika kidole kimoja kilichoona uvivu kubonyeza swichi.

Wanavyuoni wa fikihi, tangu Imam al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111 hadi Imam al-Shatibi wa Granada aliyefariki mwaka 1388, waliyapanga maslaha ya binadamu katika mafungu matatu: ya dharura, ambayo bila ya hayo maisha huharibika, ya haja, ambayo bila ya hayo maisha huwa mazito, na ya uzuri na ukamilifu, yanayoyapamba maisha. Walisema la juu lisipotezwe kwa ajili ya la chini. Hawakuwa wakizungumza juu ya betri, lakini sijui mpango ulio bora kuliko huo kwa mtu wa Arash. Taa ya kumtazama mgonjwa na simu ya kuita msaada ni ya kwanza. Taa ya kusomea na redio ni ya pili. Televisheni na mapambo ni ya tatu. Mawingu yakitanda, anaanza kuzima kutoka chini kwenda juu. Wengi wetu huzima kinyume: tunaangalia mpira mpaka betri inalia, kisha ndipo tunamwambia mtoto asome kwa kibatari.

Hadi hapa nimemsifu mwenye kuhesabu. Sasa sikiliza upande wa pili, kwani hesabu nayo ina ugonjwa wake.

Mtu akishazoea kupima, hufika akapima kila kitu. Jirani anapokuja na simu yake mkononi, mwenye betri haoni tena jirani. Anaona wati-saa 15 zinazotembea kwa miguu. Ataanza kusema "leo jua halikuwa zuri" hata siku ambayo jua lilikuwa zuri. Atahamisha paneli aiweke nyuma ya nyumba isionekane. Huyu ameyashika maneno ya akiba, na amesahau aliiweka kwa ajili ya nini.

Katika Qur'ani mna sura fupi, ya 107, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema chuoni, inayoitwa al-Maun. Wafasiri wengi wamelieleza neno hilo kuwa ni vile vitu vidogo vidogo vya nyumbani ambavyo majirani huazimana, kama chungu, shoka na ndoo. Wengine wakasema ni zaka. Sura hiyo inawalaumu wanaovizuia. Nami nadhani, lau tungetaka mfano wake katika zama hizi, tusingepata ulio karibu kuliko chaji ya simu. Ni kitu kidogo kwa mwenye nacho, na ni kikubwa kwa aliyekikosa. Kwa mfugaji ambaye mifugo yake iko mbali, simu ndiyo habari ya malisho, ndiyo bei ya mnada, ndiyo pia mfuko wa fedha.

Basi rudi kwenye daftari la mwanao. Ukiitoa inveta iliyoachwa bure, amebakiwa na wati-saa 110 kila siku ya jua. Gawa kwa 15: ni simu saba. Simu saba za majirani zilikuwa zikiliwa kila siku na chombo kisichofanya kazi yoyote! Hakuna aliyekusudia kuwanyima. Hapakuwa na chuki wala dharau. Palikuwa na uzembe tu, na uzembe ukafanya kazi ya choyo. Ndiyo maana israfu na choyo, ambavyo tumezoea kuviona kama maadui wawili, mimi naona ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye israfu na mwenye choyo wote wawili humrudisha jirani mikono mitupu. Mmoja hana cha kutoa, na mwingine hana moyo wa kutoa; aliyesimama mlangoni hajui tofauti.

Haya, tumtie mwanao katika mtihani. Ni siku ya tatu ya mawingu, saa nne za usiku. Yumo katika nusu ile anayoruhusu kutumika, na imebaki kidogo sana. Mama jirani anabisha hodi: "Mwalimu, simu imezima, na mkwe wangu ameshikwa na uchungu wa kuzaa." Kanuni ya nusu inasema usiguse mtaji. Afanye nini?

Aichaji, bila ya kusita. Betri haifi kwa usiku mmoja wa kushuka kidogo chini ya nusu; hufa kwa mazoea. Kanuni ile iliwekwa ili betri idumu, na betri inadumu ili siku kama hii imkute nayo. Mtu anayeilinda betri dhidi ya mama huyu amekuwa mlinzi wa chuma. Lakini tazama vilevile: anaweza kuichaji kwa sababu siku zote nyingine alizima inveta, na kwa sababu jana alikubali kutoangalia mpira. Ukarimu wa saa nne za usiku ulitayarishwa saa nne za asubuhi, wakati hakuna aliyekuwa akimtazama wala kumshukuru. Kutoa ni moyo, ndivyo tusemavyo, na ni kweli. Lakini moyo peke yake hauichaji simu.

Na liko jambo la tatu, ambalo watu wema hulikosea zaidi kuliko wabaya. Tuseme kwamba mwanao hana betri ya kwake, bali ni mhudumu wa zahanati, na paneli iliyoko juu ya paa ni ya jokofu la chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa katika baridi ya baina ya nyuzi 2 na 8. Majirani wanakuja na simu zao, naye hapendi kuitwa mchoyo, anawachomekea. Kesho yake televisheni nayo inachomekwa. Usiku betri inaisha, jokofu linapata joto, na chanjo za watoto zinaharibika bila ya kubadilika rangi wala harufu, zikachomwa mikononi mwa watoto bila ya faida. Je, huyu alikuwa karimu? Hapana. Alikuwa mkarimu kwa mali ya watoto wasioweza kusema. Amana haitolewi sadaka. Kabla hujauliza "nitoe kiasi gani?", uliza "hiki ni cha nani?" Ndiyo sababu mafundi wa majokofu ya chanjo husisitiza umeme wake usichanganywe na wa matumizi mengine, na wenye uwezo huwapa majirani paneli yao mbali.

Sasa huenda msomaji wangu wa Mombasa, wa Tanga au wa Ng'ambo anasema moyoni: Haya ni ya watu wa Arash, mimi nina waya. Nami nakukumbusha, ndugu yangu. Mwaka 1980 ulitandazwa waya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na Unguja nzima ikawa inaning'inia juu ya waya ule. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Kisha tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 giza lilirudi likakaa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, wanawake wakabeba ndoo, na mwenye jenereta ndiye aliyejua jirani zake ni nani. Waya mwingine mkubwa zaidi umeanza kazi tangu 2013, lakini waliopita katika miezi ile hawajasahau. Na huko bara, mwaka 2006, ukame uliposhusha maji ya bwawa la Mtera, miji mikubwa iliingia katika mgao wa saa nyingi. Mtera lilikuwa nini, kama si betri? Ni betri ya maji, kubwa mno, na kwa ukubwa wake hapana aliyeona kwamba anaichota.

Leo bwawa la Mwalimu Nyerere katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na ni neema. Lakini neema ikiwa nyingi hulificha swali, hailiondoi. Mita yetu ya umeme wa kununua inatuhesabia fedha zetu tu. Haituambii nani amekosa. Betri ya Arash imewekwa chumbani, karibu na kitanda, na taa yake nyekundu inamtazama mwenyewe usoni. Nafuu hiyo sisi hatuna. Sisi inatubidi tujihesabu bila ya taa nyekundu.

Basi nikurudishie swali la mwanzo. Kubana ni wema au ni choyo? Jawabu langu ni kwamba kubana hakuna jina mpaka ujue kilichobanwa kinakwenda wapi. Kikibaki kimefungiwa ndani hadi kioze, ni choyo. Kikiwa kimewekwa ili mlango ufunguke hodi ikipigwa, hiyo ni akiba. Nahodha hakuyafunga maji ili chombo kifike bandarini na tangi lililojaa na mabaharia waliokufa kwa kiu. Aliyapima ili wafike wote.

Usiku huu, kabla hujalala, pita nyumbani mwako. Zima kinachowaka bila ya mtu. Si lazima uwe mbali na nguzo ili ufanye hivyo. Kisha usitosheke na kuzima. Kile ulichookoa, ukipe njia ya kwenda. Pengine ni fedha ya tokeni kwa mjane wa nyumba ya pili, ambaye tangu juzi dirisha lake halina mwanga, nawe umepita hapo mara nne.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwezeshaji.